Je, kutaja aliyoyafanya kiongozi akiwa ofisini, kabla hajazikwa, ni kumtukana marehemu?

Katibu wa Nkuhungu

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu hapa Nkuhungu, jijini Dodoma. Tuna wanachama wenyeji, tuna watumishi wa umma waliohamia huku serikali ilipohama kutoka Dar es Salaam, tuna wafanyabiashara, na itikadi zetu za siasa hazifanani. Tofauti hizo hazikuwahi kutuzuia kuchimba kaburi pamoja wala kuchangiana sanda na jeneza.

Mambo yalibadilika tarehe 6 Agosti 2025, ilipotangazwa kwamba Spika mstaafu na Mbunge wa Kongwa, Job Ndugai, amefariki dunia hapa Dodoma. Katika kundi letu la WhatsApp wengi waliandika pole kwa familia na kwa watu wa Kongwa. Wachache waliandika maneno ya kushangilia ambayo sitayarudia. Mwanachama mmoja, mtu mtulivu ambaye hakosi msiba wa mtu yeyote, hakushangilia wala hakutukana. Alitoa pole kwanza, kisha akaandika orodha ya mambo yaliyofanyika katika miaka ya uspika wa marehemu: kuvuliwa ubunge kwa Tundu Lissu mwaka 2019 akiwa nje ya nchi kwa matibabu, azimio la Bunge la mwaka huohuo la kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kuapishwa Novemba 2020 kwa wanawake 19 kuwa wabunge wa viti maalumu, ambao chama cha upinzani cha CHADEMA kilisema hakikuwateua. Mwenyekiti wetu alifuta kila kitu isipokuwa salamu za pole, na akatoa onyo moja kwa wote, aliyeshangilia na aliyeandika orodha. Huyu wa orodha ametangaza kwamba hatachangia tena mpaka aelezwe amemkosea nani.

Sasa nimepewa kazi ya kuandaa kanuni, kwa sababu katiba ya chama chetu inataja michango, zamu za kuchimba kaburi na siku za matanga, lakini haisemi lolote kuhusu maneno. Naomba hoja zenu. Je, kutaja yale ambayo kiongozi aliyafanya kwa madaraka tuliyompa, katika wiki ya msiba wake, ni kumtukana marehemu? Na kama si matusi, kuna muda ambao mtu anapaswa kusubiri?

Mwalimu wa Ikungi

Ndugu Katibu, mimi nafundisha Ikungi, katika eneo la jimbo ambalo mwaka 2019 liliitwa Singida Mashariki, kwa hiyo ninalisema jambo hili kutoka upande wa watu ambao uamuzi wa Spika uliwagusa moja kwa moja.

Mbunge wetu, Tundu Lissu, alipigwa risasi tarehe 7 Septemba 2017 huko kwenu Dodoma, eneo la Area D, akitoka bungeni. Akapelekwa Nairobi, baadaye Ubelgiji. Tarehe 28 Juni 2019 Spika alilitangazia Bunge kwamba kiti chake kiko wazi, kwa sababu hakuhudhuria vikao bila kutoa taarifa ya maandishi na hakuwasilisha tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, mgombea wa chama tawala, CCM, akapita bila kupingwa. Maana yake ni kwamba wananchi wa hapa walibadilishiwa mwakilishi bila hata mmoja wao kupiga kura. Anayetaka kuutetea uamuzi ule kwa vifungu vya Katiba anaweza kuutetea, na nitamsikiliza. Lakini hawezi kuniambia kwamba ulikuwa jambo la faragha kati ya marehemu na familia yake, kwamba kuutaja ni sawa na kuanika aibu ya nyumba ya mtu.

Naomba kikao chenu kilitafakari hili. Katika wiki ya msiba wa kiongozi, redio, televisheni na viongozi wenzake hawaishii kwenye pole. Wanaeleza jinsi alivyoliongoza Bunge, jinsi alivyosimamia kanuni, jinsi alivyokuwa jasiri au mwenye hekima. Hayo yote ni maoni kuhusu kazi yake. Anayemsifu Spika kwa namna alivyokalia kiti amekwisha kuufungua mjadala wa namna alivyokikalia, na hana haki ya kuufunga mara tu mtu wa pili anapoinua mkono. Ikiwa sifa za kazi zinaruhusiwa kabla ya maziko, lawama za kazi nazo ziruhusiwe. Mkitaka ukimya, basi uwe ukimya wa wote, na salamu ziwe za pole kwa mjane, watoto na ndugu, bila neno lolote la uspika. Yote mawili ni ya haki. Lililo baya ni hili la tatu ambalo mwenyekiti wenu amelichagua bila shaka kwa nia njema, yaani kumbakiza msifiaji na kumfuta mwenye swali.

Wale walioshangilia siwatetei hata kidogo. Mtu akifa amekwisha kutoka katika uwezo wetu wa kumhoji, na anayebaki kuumizwa na kicheko ni mtoto wake ambaye hakuwahi kumvua mtu yeyote ubunge. Tena kicheko hicho kinatudhuru sisi wenye madai ya kweli, kwa sababu wafiwa wakikisikia hawana tena nafasi moyoni ya kutofautisha kati yetu na wale.

Mama Kibaigwa

Mwalimu, shikamoo ikiwa umenizidi umri, na pole kwa yaliyowapata watu wa Ikungi, maana nayakumbuka. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa sokoni Kibaigwa, mpiga kura wa Kongwa. Naomba mnisikilize na mimi, kwa kuwa nimesoma mengi wiki ile na sikuona mtu aliyezungumza kama mtu wa huku.

Marehemu alikuwa mbunge wetu tangu mwaka 2000. Kijana aliyezaliwa mwaka huo ni mtu mzima mwenye watoto, na hajawahi kumjua mbunge mwingine. Jumatatu tarehe 4 Agosti aliongoza kwa kura katika kura za maoni za chama chake, CCM, za kumpata mgombea ubunge, Jumatano tukaambiwa amefariki. Kwa hiyo siku ile tulikuwa na mshituko kabla ya kuwa na maoni. Ninyi wa mbali mliona jina la Spika likianguka. Sisi tuliona mtu ambaye tulimpigia simu mvua ilipokatika, ambaye tulimlaumu kuhusu maji na barabara, ambaye wengine wetu hatukumpenda na bado tulikuwa tunajua pa kumpata. Kilio cha Kongwa hakikuwa cha kuagizwa na mtu. Mtu wa Dar es Salaam aliyeandika kwamba tunalia kwa unafiki alitutukana sisi tulio hai, na hilo hakuna aliyelifuta.

Sasa nirudi kwenye ile orodha. Mwanachama wenu, kwa jinsi Katibu alivyoieleza, aliishia Novemba 2020. Kwa nini aliishia hapo? Mwishoni mwa Desemba 2021, katika mkusanyiko wa Wagogo hapahapa Dodoma, huyuhuyu Ndugai alihoji mikopo ya serikali, wakati ambapo taifa lilikuwa limepokea zile shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19, akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi mbele ya waandishi wa habari, na tarehe 6 akajiuzulu uspika. Nakumbuka vizuri sana siku zile. Waliokuwa wakimtukana tangu 2019 walianza kumwita shujaa. Waliokuwa wakimpigia makofi kwa kila alichosema wakageuka wakamwambia afungashe. Yeye alikuwa mtu yuleyule. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba watu wengi hawampimi kiongozi kwa alichokifanya, wanatazama tu nani amekasirika naye wiki hiyo, na kifo kikija wanaendeleza hesabu hiyohiyo.

Mtu akiamua kuandika rekodi, basi aiandike yote, pamoja na sehemu ambayo haimfai yeye. Aandike kwamba Spika aliyewabana wapinzani wa wengine naye alibanwa aliposema neno ambalo halikupendeza, na kwamba wabunge waliomzoea kwa miaka sita hawakusimama kumtetea. Hiyo ndiyo habari ambayo wajukuu wetu watahitaji kuijua. Orodha inayokatwa pale inapomfaa mwandishi ni hotuba ya kampeni.

Kuhusu muda, msimamo wangu ni kusubiri mpaka awe amezikwa na matanga yaanuliwe. Siogopi ukweli. Ninajua jinsi maneno yanavyosafiri siku hizi. Zamani mtu alisema lake kilabuni, likaishia kilabuni. Leo analiandika Nkuhungu na kabla chai haijapoa limesomwa na binti wa marehemu aliyekaa mkekani Kongwa.

Mzee wa Mvumi

Wanangu, mnazungumza kana kwamba mila zetu hazikulifikiria jambo hili. Zililifikiria sana. Sisi Wagogo tuna watani, na Wahehe ni miongoni mwao. Mtani akifika msibani anaruhusiwa kusema yale ambayo mfiwa hathubutu kuyasema. Anaigiza mwendo wa marehemu, anataja ubahili wake, anataja madeni, anaweza kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka katikati ya machozi, na hakuna anayekasirika, wala hakuna anayesubiri arobaini ili mtani aseme.

Lakini tazameni mtani anatoa nini kabla ya kupewa haki hiyo. Amefika kwa miguu yake. Anachota maji, anapasua kuni, anashika jembe la kuchimbia kaburi. Anasema huku jasho linamtoka, mbele ya watu wanaomjua baba yake, na kesho akifiwa yeye, watani wake watakuja kumsema vivyo hivyo. Neno lake lina mwenyewe na lina gharama. Mtu anayejificha nyuma ya jina la bandia, hajafika, hajachangia, hajulikani alikotoka, huyo hana utani na mtu yeyote.

Kwa maelezo ya Katibu, yule mwanachama wenu aliandika kwa jina lake, alitoa pole kwanza, na hakosi misiba. Mimi nikiwa mzee wa kikao hicho ningemrudishia haki yake, na adhabu ningempa aliyeshangilia.

Mstaafu wa Makole

Nimefanya kazi serikalini kwa muda mrefu na nimestaafu nikiwa hapa Dodoma. Naafikiana na Mwalimu kwa sehemu kubwa, lakini nadhani tunalitazama tatizo likiwa limechelewa. Swali linalonisumbua ni kwa nini maneno haya yote husubiri jeneza.

Kumbukeni Machi 2021. Rais John Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu tarehe 27 Februari, watu wakaulizana, na baadhi ya waliouliza mtandaoni wakakamatwa na polisi kwa kueneza uvumi. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia taifa kifo chake. Tarehe 22 mwili uliletwa Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, mbele ya marais wa nchi jirani na za mbali, na barabara za mji huu zilifurika watu waliolia kwa dhati, kwa sababu huyu ndiye aliyeihamishia serikali hapa kwa vitendo na akaupa mji hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Katika siku hizohizo kulikuwa na Watanzania, wengine wakiwa uhamishoni, waliosema wazi kwamba wamepumua. Kila upande uliuona ule wa pili kuwa umepotoka. Mimi niliamini wote walisema kweli kuhusu maisha yao, kwani aliyepata kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, na aliyefungiwa gazeti hawakuishi nchi moja.

Kuanzia Januari 2016 vikao vya Bunge viliacha kurushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa kama ilivyozoeleka. Mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa mwaka huohuo, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Katika miaka yote hiyo mtu mwenye hasira na Spika au na Rais angeipeleka wapi? Bungeni asingemwona, uwanjani asingemsikia mpinzani wake, na mtandaoni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuwa inamsubiri. Kifo kikawa siku ya kwanza ambayo mkubwa hawezi kujibu wala kuadhibu, na yote yaliyokusanyika yakamwagika siku hiyo juu ya watoto wake. Ukitaka misiba ya viongozi iwe na staha, mwache mwananchi aseme wakati kiongozi yuko hai na ana nafasi ya kujieleza.

Si kwetu peke yetu. Margaret Thatcher alipofariki tarehe 8 Aprili 2013, kulikuwa na watu waliokusanyika kushangilia katika mitaa ya Brixton na Glasgow, na katika maeneo ya migodi ambako mgomo wa 1984 hadi 1985 ulikuwa haujasahaulika. Siku mbili baadaye Bunge la Uingereza liliitwa kutoa heshima za mwisho, na mbunge Glenda Jackson akatumia nafasi hiyo kueleza madhara ambayo kwa maoni yake marehemu aliwasababishia wananchi. Mbunge mwenzake akaomba mwongozo wa Spika. Spika John Bercow akajibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Siku ya mazishi, tarehe 17, jeneza lilipita London kwa heshima za kijeshi. Wengi walisimama kimya, wengine walipiga makofi, wachache wakageuza mgongo. Kila mmoja alirudi nyumbani akiwa amesema lake. Narudia hasa kwa ajili ya mwenyekiti wa Katibu: Spika aliulizwa swali lilelile analouliza yeye, naye akatenganisha lawama za kazi na utovu wa nidhamu.

Mwanakondoa

Nitaongeza upande wa dini kwa ufupi, kwa kuwa nimeona watu wakiitumia nusu. Ni kweli kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Lakini imepokewa pia kwamba jeneza lilipita watu wakalitaja kwa wema, likapita jingine wakalitaja kwa ubaya, naye hakuwakemea, bali aliwaambia kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Wanazuoni wameyasoma mafundisho haya mawili kwa pamoja, wakatofautisha matusi na ushahidi unaotolewa kwa haja. Shahidi hasemi asichokijua wala hazidishi, na anajua kwamba ataulizwa kuhusu neno lake. Kwa kipimo hicho, Mama Kibaigwa yuko sahihi kuhusu orodha inayokatwa njiani, kwani ushahidi nusu ni hatari kuliko kunyamaza.

Mwalimu wa Ikungi

Mama Kibaigwa, marahaba. Hoja yako kuhusu Januari 2022 nimeipokea, na ninakubali kwamba kujiuzulu kule ni sehemu ya rekodi. Ninaona hata kwamba kunaitia nguvu hoja yangu, kwa maana kiti kilichotumika kumtoa mbunge wetu hakikuweza kumlinda mwenyewe aliyekikalia siku aliposema asichotakiwa kusema.

Kuhusu kusubiri matanga yaanuliwe, bado sikubaliani nawe kwa wepesi. Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 2025, na chama chake kililazimika kumtafuta mgombea mwingine wa Kongwa. Watu walianza kuwataja warithi wa kiti kabla hajazikwa. Ikiwa warithi wanaweza kujadiliwa, inakuwaje kazi ya aliyetangulia ndiyo isijadiliwe? Lakini kwa chama cha kuzikana, ambacho kazi yake ni kumsitiri mfu na kumfariji mfiwa, naelewa kwamba kunaweza kuwa na sababu ya kusubiri ambayo gazeti au mkutano wa siasa hauna. Kwa hiyo niko tayari kukubali siku chache katika kundi lenu, mradi wasifiaji nao wasubiri.

Katibu wa Nkuhungu

Nawashukuru wote, na kwa heshima ya pekee Mzee wa Mvumi. Nitapeleka kikaoni rasimu ifuatayo: tangu tanzia hadi siku ya kuzika, kundi la chama litapokea pole na taarifa za msiba tu, bila sifa wala lawama za madaraka, awe marehemu ni diwani, mbunge au waziri. Baada ya kuzika, mwanachama yeyote anaweza kusema kuhusu kazi ya kiongozi kwa jina lake, akitaja tukio na tarehe. Kushangilia kifo ni kosa wakati wowote. Onyo la yule mwanachama nitapendekeza lifutwe, na mwenyekiti mwenyewe aende kumwona nyumbani kwake.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia jibu. Tukifiwa na kiongozi ambaye ni mwanachama wetu, wasifu wake utasomwa kaburini, na wasifu huwa na sifa za madaraka tangu mstari wa kwanza. Je, huo nao tuuzuie?

Mama Kibaigwa

Msiuzuie, Katibu. Wasifu ni wa familia, nayo ina haki ya kumtaja mtu wao inavyomjua. Waombeni waandike vyeo vyote na miaka yote, pamoja na siku alipokiacha kila cheo, na msomaji asome polepole.